Edward Cullen Dirishani, Forest ya Zamani

Kitabu kilirudi kimefungwa kwenye gazeti kama nyama ya bucha. Mama aliyekileta hakutaka kuingia. Alisimama kibarazani, akakataa kiti, akakataa na chai. Na jioni ya mwezi wa sita hapa Mbeya, mtu akikataa chai ujue ana jambo. "Mwalimu, kitabu chako hiki. Sitaki kilale tena kwangu." Nilipofungua mdomo alikuwa ameshafika getini.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu nilikielewa vibaya kwa wiki mbili nzima, na kazi yangu ni kufundisha watu kusoma. Majina nimeyaacha. Mji wenyewe tunafahamiana.

Kitabu ni Twilight cha Stephenie Meyer, kilichotoka Marekani Oktoba 2005. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba pembeni mwa soko la Mwanjelwa, shilingi elfu tano, jalada limekunjika lakini ile mikono miwili iliyokamata tofaa jekundu bado inaonekana. Kwa ambaye hajakisoma: Bella Swan, binti wa miaka 17, anatoka Phoenix kwenye jua kali na kuhamia Forks, mji mdogo wa misitu na mvua katika jimbo la Washington, kwa baba yake Charlie, mkuu wa polisi wa hapo. Shuleni anamkuta Edward Cullen, kijana mzuri kupita kiasi, ambaye chakula cha mchana hakigusi. Edward alizaliwa Chicago mwaka 1901. Mwaka 1918, katika ule mlipuko mkubwa wa homa ya mafua, alikuwa anakata roho pale daktari aitwaye Carlisle alipomgeuza kuwa kama yeye mwenyewe, kiumbe anayeishi kwa damu. Carlisle na familia yake wameapa kutogusa damu ya watu. Wanawinda wanyama porini. Lakini damu ya Bella inamvuta Edward kuliko damu ya mtu yeyote aliyewahi kukutana naye, na huyo huyo Bella ndiye anayempenda. Hadithi yote imesimama juu ya kidole hicho kimoja.

Tulikisoma kwangu, Forest ya Zamani, Jumamosi kwa Jumamosi wakati wa likizo. Kundi letu halina jina wala mwenyekiti. Tulikuwa saba: mimi; muuguzi mstaafu ambaye sote tunamwita Sista; dada mmoja wa Tanga aliyeolewa huku; kijana wa Kyela anayeendesha bodaboda na anayesoma kuliko wanafunzi wangu wengi; mabinti wawili wa kidato cha nne; na mzee mmoja mhasibu aliyekuja mara moja, akasema ni kitabu cha watoto, hakurudi. Kwa kuwa nakala ilikuwa moja na Kiingereza chetu hakilingani, binti mmoja, huyu ambaye mama yake alikirudisha kitabu, ndiye aliyesoma na kutusimulia kwa Kiswahili. Usiku alimsimulia na mama yake, wakimenya viazi.

Mwanzoni kulikuwa na kicheko tu. Mvua ya Forks haikumshtua mtu, maana binti wa pili kwao ni Tukuyu na alisema kama hawa Cullen wanakimbia jua kwa sababu ngozi yao inang'aa, wangehamia Rungwe wakaishi raha mstarehe. Swali la kwanza zito, kuhusu dirisha la chumba cha Bella, liliulizwa na kijana wa Kyela: "Hilo dirisha halina nondo?" Ikabidi tueleze kwamba nyumba za kule zina vioo vitupu. Akatikisa kichwa. Nilicheka na wenzangu. Sikujua kwamba swali la kisa kizima lilikuwa limeshaulizwa.

Jina lake nani?

Binti alipowasimulia wenzake shuleni alisema "vampaya", na hakuna aliyeogopa, kwa sababu vampaya ni mtu wa sinema, ana koti na nywele nzuri. Mbele yetu wakubwa akaona atafute Kiswahili safi. Akasema "mnyonya damu". Hewa ya sebule ikabadilika hapo hapo.

Kijana wa Kyela aliweka kikombe chini. Kati ya Kyela na Malawi ni mto Songwe tu. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulisambaa kusini mwa Malawi, makundi ya watu yakawaua waliowashuku, na Oktoba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Kule ni mbali na Songwe, lakini uvumi hauhitaji pasipoti. Kaka yake alikuwa akivuka kwenda Karonga kwa biashara, na siku zile aliacha kulala huko. Kwake yeye neno lile halina mahaba ndani yake. Lina watu waliokimbizwa usiku kwa mawe.

Sista naye akachukua njia nyingine. Alishafanya kazi ya kuchangisha damu, na anasema karibu kila shule waliyokwenda palikuwa na mtoto mmoja wa kuuliza, kwa sauti ndogo, chupa zinapelekwa wapi. Hofu hiyo ni ya mumiani, aliyetembea Afrika Mashariki tangu enzi za mkoloni, wakati watu waliamini kuna wanaokamata wapita njia na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa, hata gari la zimamoto likawa la kuogopwa. Nilidhani kwa historia hiyo Sista angekichukia kitabu. Kumbe alikuwa amekipenda kuliko sote. Kwake shujaa si Edward. Ni Carlisle, mwenye kiu ya damu aliyechagua kuwa daktari na akachukua karne mbili kujifunza kushona vidonda bila mkono kutetemeka. "Zamu ya usiku wodi ya majeruhi," alisema, "na mtu yule ana kiu. Wangapi hapa mjini wameshindwa kuacha bia tu?" Mapenzi ya Bella aliyaruka kama mtu anayeruka matangazo.

Dada wa Tanga hakutikisika hata kidogo. Alisikiliza mikono kifuani, kisha akasema, "Jamani, mbona mnahangaika? Huyo ni jini mahaba." Akatueleza kwa utulivu, kama anayetaja bei ya nazi: anakuja usiku, ni mzuri hakuna mfano, anakupenda wewe tu, ana wivu, na ukiwa naye mume wa kawaida hakufai tena. "Kwetu huyo anatolewa kwa kisomo. Hasomwi." Halafu akaniazima kitabu, akakisoma usiku mbili, macho mekundu.

Basi nilipompigia binti kumuuliza kwa nini mama yake amekirudisha, na binti akajibu kwa aibu, "Mama anasema hao watu wana ndagu," nikaona nimeshamaliza uchunguzi. Kwa wasio wa huku: ndagu ni zile dawa za utajiri, mali inayolipiwa kwa uhai wa mtu. (Ndagu, si ndaga, ndaga kwa Wanyakyusa ni shukrani, na wageni huchanganya wakachekwa.) Na ukiwatazama Cullen kwa jicho la hapa, ushahidi ni mwingi. Wana nyumba kubwa msituni na magari ya kifahari, hawali mbele za watu, hawazeeki, na mali yao haieleweki imetoka wapi. Nikajiambia: mmoja kaona sinema, mwingine mumiani, mwingine jini mahaba, mwingine ndagu. Hawajagombana juu ya kitabu kimoja. Kila mmoja amempa Edward jina kabla hajamsikiliza, na hukumu imefuata jina.

Nilifurahi sana na uchambuzi huo. Nikaandaa maelezo. Nikamkumbuka Hans Robert Jauss, yule mhakiki wa fasihi Mjerumani wa Chuo Kikuu cha Konstanz aliyetoa hotuba yake mashuhuri mwaka 1967 na kutuachia "upeo wa matarajio": msomaji hafungui kitabu akiwa mtupu, anafika na yale aliyokwisha kusoma, kusikia na kuogopa. Nikapanga kwenda kumweleza mama yule, kwa Kiswahili chepesi, kwamba Edward si ndagu.

Mwanjelwa, kwenye meza ya viazi

Nilimkuta anapanga sado. Nikaanza. Nilisema vizuri, nadhani, kama dakika kumi, huku yeye akipimia wateja wawili na kumfokea mpagazi mmoja. Nilipofika kwenye tofauti ya imani na fasihi alinigeukia.

"Mwalimu, ndagu nimemwambia mtoto. Mtoto humwambii kila kitu."

Nikanyamaza.

"Yule mwanamume anaingia chumbani kwa binti usiku. Binti amelala, hajui. Si mara moja, ni karibu kila siku. Anakaa anamtazama. Halafu siku binti anaambiwa, badala ya kukasirika, anaona amependwa." Akafuta mikono kwenye khanga. "Na baba yake yupo mle mle ndani, Mwalimu. Polisi. Hajui kitu. Mimi natoka saa kumi alfajiri kuwahi malori ya Uyole, na dirisha la chumba cha mwanangu linatazama uchochoroni."

Sikuwa na la kujibu. Nilinunua sado ya viazi ambayo sikuihitaji nikarudi nyumbani.

Usiku ule nilifungua sura ya 14. Nilikuwa nimeisoma mara mbili na nilikuwa nimeikumbuka kama sura ya mazungumzo matamu. Yote aliyosema mama yamo. Edward anafungua mlango kwa ufunguo uliofichwa chini ya ukingo wa paa, ufunguo ambao Bella hakuwahi kumwonyesha. Anakiri kwamba huja karibu kila usiku. Bella anajaribu kuwa na hasira, inamshinda. Kinachomtia hofu ni nini huwa anasema usingizini. Na Charlie, maskini ya Mungu, usiku huo anahisi binti yake anataka kutoroka, hivyo anachomoa nyaya za betri ya gari lake. Asubuhi anazirudisha. Mwanamume mwenyewe muda wote yuko ghorofani.

Nilisimulia hilo la betri kwa mama siku nyingine, maana binti alikuwa amelisahau. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka ghafla. Na yeye huacha kufuli kubwa getini.

Hapo ndipo ninaposema nilikisoma vibaya. Kazi yote ya majina, mumiani na jini mahaba na ndagu, ilikuwa ya kweli na bado naiona ina uzito. Lakini nilimwona mama anabishana na kiumbe, kumbe yeye kiumbe alishampita zamani. Alikuwa anabishana na dirisha. Ndani ya hadithi ile alikaa sebuleni na Charlie, ambako sisi wengine hakuna aliyekaa, kwa sababu mwandishi ametupandisha wote ghorofani na Bella. Hii ndiyo nguvu ya nafsi ya kwanza, na ndiyo hila yake. Bella hajakasirika, kwa hiyo ukurasa haukasiriki, kwa hiyo msomaji wa miaka 17 hapati hata mstari mmoja wa kumshika mkono na kumwambia ngoja. Meyer mwenyewe aliirudia hadithi mwaka 2020 ikisimuliwa na Edward. Mimi ningelipa elfu kumi kwa ile ya Charlie.

Nilirudisha swali la dirisha kwenye kundi bila kumtaja mama. Mabinti walijibu pamoja, karibu kwa ukali. Edward hamgusi. Anamsikiliza. Tena yeye ndiye anayemwambia Bella akae mbali naye, mara ngapi? Nani mwingine humu duniani anamkataza msichana asimpende kwa usalama wake? Binti wa Tukuyu aliongeza jambo ambalo sijalisahau: kwamba Bella ni wa kawaida tu, anajikwaa kwenye sakafu tambarare, na kuna mtu anayemtazama kana kwamba hakuna kingine cha kutazama. "Mwalimu, sisi darasani tuko sabini na wawili."

Kijana wa Kyela aliwaacha wamalize. "Sawa. Sasa toa ile Volvo, weka pikipiki ya mkopo. Toa uso mzuri, weka huu wangu. Niko dirishani kwa Bella saa nane usiku, namtazama tu, simgusi." Akatuzungushia macho. "Kitabu hakifiki sura ya 15. Nimeshapigiwa kelele za mwizi."

Kimya kilikuwa kirefu. Dada wa Tanga ndiye aliyekivunja, akasema jini mahaba naye haombi ruhusa, ndiyo maana anaitwa jini.

Nikiulizwa msimamo wangu, nitasema kijana yule alitoa uhakiki bora kuliko wangu wa miaka ishirini. Uzuri na mali ndivyo vinavyogeuza kuvizia kuwa mahaba katika kitabu hiki, na kitabu hakijui kwamba kinafanya hivyo. Lakini pia binti wa Tukuyu hakukosea. Hamu ya kuonwa ni ya kweli, Meyer ameikamata barabara, na ndiyo iliyouza vitabu hivi kwa mamilioni katika lugha nyingi; mtu asiyeikumbuka hamu hiyo amesahau alivyokuwa kidato cha nne. Udhaifu mwingine upo na sitaufunika. Uso wa Edward unasifiwa mpaka nilianza kuhesabu, nikachoka kuhesabu. Hatari ya kweli inaingia sura ya 17 kati ya 24, wakati msomaji wa Mbeya ameshakwenda kuota moto.

Na kuna jambo la Waquileute ambalo lilizua mjadala mdogo lakini mtamu. Hao ni watu wa kweli, kabila dogo la pwani ya Washington, makao yao La Push, na mapokeo yao yanasema walitokana na mbwa mwitu. Meyer amewachukua na masimulizi yao, akaongeza mengine ya kwake kuhusu maadui wenye ngozi baridi, na kijana wao Jacob ndiye anayemsimulia Bella siri ya akina Cullen. Binti wetu alitafsiri "mbwa mwitu", sahihi kabisa, na kwa wiki nzima dada wa Tanga aliwawazia wale mbwa wenye mabaka na masikio mapana wa hifadhi ya Ruaha. Alishangaa mnyama mdogo vile atapigana vipi na Edward. Tulipomaliza kucheka, Sista aliuliza ingekuwaje kama mgeni angekuja Ziwa Ngozi, akasikia habari za nyoka wa pale kwa wazee, akaenda kuandika kitabu na kupata utajiri, nasi tukabaki kuuza parachichi barabarani. Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Mimi bado sina.

Kuhusu binti na kitabu, sikutaka kumnyima. Kitabu kilichokatazwa husomwa chini ya shuka kwa tochi ya simu, peke yake, na hiki ni cha mwisho kusomwa peke yako. Lakini sikutaka pia kumzunguka mama. Nilimwomba mambo mawili: binti amalizie kwangu mchana, na yeye mwenyewe aje Jumamosi moja, akifunga meza mapema. La kwanza alikubali palepale. La pili alisema ataona. Katikati hapo kijana wa Kyela alimpeleka fundi wa kuchomelea kule uchochoroni, nondo mbili zilizokuwa zimelegea zikashikwa vizuri. Hilo halikuwa kwenye mpango wangu, wala hakuniambia. Nililisikia kwa fundi.

Mama alikuja Jumamosi ya mwisho, na sweta lake la kijani, na mfuko wa viazi. Safari hii chai aliipokea. Tuliirudia sura ya 14. Binti alifungua kitabu magotini akawa anasoma mstari kwa macho na kuutoa kwa Kiswahili, polepole. Niligundua hakusema vampaya wala mnyonya damu. Alisema Edward tu. Alipofika pale Bella anapotambua kwamba mtu huyu amekuwa akija usiku, mama aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Binti akarudia.

"Hakukasirika?"

Binti aliutazama ukurasa kwa muda, kama anayetafuta neno lililodondoka. "Hapa wameandika hakuweza, mama."

Mama alizungusha sukari kwenye kikombe. "Haya," akasema. "Endelea."